Tanzu Tatu

Simu ilidumu dakika nne.
Najua, kwa sababu mayai yalikuwa motoni,
na nilipoyavunja yalikuwa bado yanatiririka.

Wiki kumi na moja. Usaili sita.
Chakula cha mchana na mabwana wawili
waliotazama nilivyoshika uma.
Na ghorofa ya thelathini na nne, Bwana Wieńczysław,
mgongo kwenye jua, akaniuliza taratibu:
"Warshawa yote ina vioo vingapi vya madirisha?"

Nikavuta karatasi. Nikaanza na watu, nikaingia majumbani mwao,
nikagawa, nikazidisha,
nikayatoa makanisa, nikayarudisha.
Milioni kumi na moja, nikasema, na sauti haikutikisika.
Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.
"Mimi ningesema tisa."

Zile milioni mbili zilizobaki
ndizo ninazolala nazo.

"Ulikuwa karibu sana," alisema Bi Kornelia kwenye simu,
sauti changa, ya mtu anayesoma.
Tangu asubuhi amewaambia hivyo watu wangapi?
Kadiria. Onyesha hatua zako.
Karibu sana.
Karibu isiyo na mlango, isiyo na kiti,
karibu ya kuambiwa ukiwa nje na viatu mkononi.

Wenyewe ndio walionifunza: tatizo lolote
ligawe tanzu tatu,
zisipandane, zisiache pengo.
Basi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye friji, nikagawa.

Kwanza, fedha: kodi ya Desemba, meno ya baba.
Pili, aibu: mama alikwisha watangazia
majirani wa ngazi nzima, hata yule kiziwi wa chini.
Tatu, na hili sikulitegemea:
nilikipenda chumba kile.
Nilizipenda kalamu zao nzito, maji yao yenye vipande vya tango,
nilimpenda yule mwanamke niliyekuwa mle ndani,
mwepesi wa jibu,
asiyejifungia chooni kulia.

Zinapandana. Zote zinapandana.
Meno ya baba yamo ndani ya aibu,
aibu imo ndani ya kalamu,
na pengo, nikilipima,
ni pana kuliko tanzu zote tatu.

Siku ya nne nikaenda kurudisha koti.
Ni la wifi yangu Dobrochna, rangi ya jivu,
na yeye ni mrefu, mimi kibeti.
Tramu ilipita kwenye theluji iliyokwisha kuwa uji mweusi,
nami nikajikuta nahesabu vioo.
Sikutaka. Macho yalikwenda yenyewe:
hiki kimezibwa kwa kadibodi,
hiki kina paka,
hiki kimewashwa taa na hakuna mtu.

Nilimkuta na beseni la viazi.
Hakusema subira huvuta heri.
Hakusema asiyekubali kushindwa si mshindani,
na kwa hilo tu ningemlipa mshahara.
Alisema, "Pini zangu ziko wapi?"

Zilikuwa bado kwenye pindo.
Usaili sita, ghorofa thelathini na nne kwa lifti,
nilikuwa nimeshikizwa kwa pini mbili.
Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa,
na nilipokwisha kukaa, sikuwa nacheka tena.

Akanipa kisu. Tukamenya.
Yeye humenya nene, nusu ya kiazi inakwenda na ganda;
siku nyingine ningemwambia hasara yake kwa mwaka.

"Kwa hiyo ni vingapi," akauliza baadaye, "hasa?"
"Hakuna anayejua."
"Hata yeye?"
"Hata yeye."

Akainua macho kwenye dirisha la jikoni,
ukungu wa sufuria ukipanda juu ya masizi ya mwaka mzima.
"Hapa ni viwili," akasema. "Krismasi inakuja.
Jumamosi njoo na nguo mbovu."