Nipo. Mzima.

Kazi yangu ni gundi.
Katika ghala lisilo na dirisha, viungani mwa Poznań,
nabandika vibandiko vyepesi kama ganda la kitunguu
pale kifuniko kinapokutana na ubavu wa kasha:
nusu huku, nusu huku,
kama mtu aliyelala mpakani.

Ndani ya kila kimoja mna uzi wa shaba
mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
na punje ya silikoni, ndogo kuliko chawa,
yenye namba isiyo na somo wala pacha.
Hakina betri. Huishi kwa kuulizwa.
Mashine ya lori hukiita kila dakika,
nacho hunywa funda la mawimbi, huitika:
Nipo. Mzima.
Ukifungua kasha, uzi hukatika.
Rudisha, gandamiza, piga pasi, omba radhi,
kitaitika vilevile, bila hasira:
Nipo. Si mzima.

Januari, selo ilitoka Vilnius,
fidla nene ya kukumbatiwa kwa magoti,
ya miaka mia mbili na themanini,
na bima ndefu kuliko shingo yake.
Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku,
karibu na Suwałki, nyuzijoto kumi na tisa chini ya sifuri,
kibandiko kikabadili jibu.

Lori lilipofika tulikuwa mlangoni:
meneja Gerwazy, koti juu ya pajama,
mtu wa bima na kamera mbili,
mimi na kisu.
Tukahesabu. Nyuzi nne. Daraja. Vigingi.
Hakuna kilichopungua.
Kilichozidi ni kimoja:
nusu ya tufaa
ndani ya soksi safi ya sufu, kando ya shingo.

Dereva, Vygantas, alivua kofia.
"Hita ilikausha hewa. Nikasikia mbao zinalia.
Tik. Halafu tik.
Marehemu baba alikuwa fundi wa selo, Kaunas;
wakati wa baridi alizilaza na tufaa
zinywe unyevu polepole, zisipasuke."
"Ungepiga simu," alisema Gerwazy.
"Nilipiga. Mara nne."
"Na nusu ya pili?" akauliza mtu wa bima, kalamu tayari.
"Nilikuwa na njaa."

Kicheko kilinitoka. Fomu haina mahali pa kicheko.
Ina kisanduku cha NDIYO na kisanduku cha HAPANA:
je, muhuri ulivunjwa?
Nikatia alama. Mkono wangu uliandika kweli
na kweli ikamfukuza mtu kazi.
"Kwa nini" haikuulizwa. Haina kisanduku.

Fundi alikuja baadaye na kioo cha kukuzia.
Aliona ufa, mfupi kama kope,
ulioanza kwenye ubao wa mbele, ukasita.
Alisema ulisita. Hakusema umezuiwa na nini.
Selo ikapigwa Jumamosi. Sikupata tikiti.

Tufaa, kwa kuwa ni ushahidi,
likatiwa mfukoni, mfuko ukakunjwa,
nami nikaubandika kibandiko kipya,
namba yake peke yake duniani.
Rafu ya saba. Kesi ingali mahakamani.
Aprili liligeuka rangi ya chai. Juni lililegea.
Sasa ni maji meusi na mbegu tatu,
na kila asubuhi nipitapo na skana nikiliuliza
hunijibu kwa utiifu uleule:
Nipo.
Mzima.