Mzinga Mtupu

Nukta ilisogea katika picha nne
nami nikazinduka kitini, hapa Ipuli,
saa tisa usiku, jenereta la jirani likikohoa.
Jiwe, nikasema. Asteroidi mpya, inapita karibu nasi.
Asubuhi nikawatangazia Kidato cha Tatu,
na Nyamizi wa dawati la mbele akauliza
kama litaangukia Sikonge, kwa bibi yake.
Haliangukii kwa mtu, nikamjibu,
kwa sauti ya aliyelizaa.

Siku kumi na mbili nikalipigia hesabu.
Njia yake ilifanana mno na njia ya Dunia,
kama mtoto anayemfuata mama sokoni
akijifanya hamjui.
Mawe hayana adabu hiyo.
Jiwe hutoka mbali, hupita mbio, halisalimii.

Halafu likaanza kunikosea miadi.
Nililingoja hapa, likawa pale:
unywele mmoja, kesho unywele mwingine,
kila usiku likisukumwa kidogo, mbali na jua.
Nikarudia hesabu mara tatu. Nikawalaumu watu wa umeme.

Ndipo nikaikumbuka Ipole, msimu wa asali,
baba, Kashindye, nyonga mbovu, hataki kupanda bure,
yuko chini ya mninga, kofia mkononi:
"Ule uache."
Kwa nini?
"Unabembea."
Mzinga wenye asali hautingishwi na upepo.
Mtupu hucheza hata nzi akipumua.

Na mwanga nao ni upepo.
Hauwezi kugeuza unyoya mezani,
lakini kule juu hakuna meza,
na miaka ni mingi.
Jiwe lisingejali. Hili lilijali.
Basi ni tupu. Debe.

Nikairudisha njia yake nyuma, mwaka kwa mwaka,
kama anayekunja mkeka wageni wakiwa wameondoka,
nikaupita mwaka niliozaliwa,
na mwaka baba alipotundika mzinga wake wa kwanza,
hadi asubuhi moja ya mwezi wa tisa
njia ikafika mlangoni kwetu, Duniani, ikakoma.
Siku hiyo watu walirusha roketi kwenda mwezini.
Mzinga kweli, ila ule mwingine, wa moto:
ulifyatua mara moja, ukaachwa na mzigo wake.

Mwenzangu mwenye darubini kubwa akapima mwanga wake.
Akaniandikia maneno matatu: Rangi ya kupaka.
Nyeupe, imebabuka.

Ijumaa wakalifuta kwenye orodha ya mawe.
Nilifurahi, maana nilipatia.
Nikala maharage baridi, nimesimama,
sufuria mkononi.

Kidato cha Tatu walicheka hadi wa darasa la pili wakachungulia:
Mwalimu ametuuzia debe!
Nyamizi hakucheka.
"Na wenyewe, waliolirusha, wanajua liko wapi?"
Sasa wanajua, nikasema.
Niliwaandikia Jumapili.
Hawajajibu.