Kabla Mdundo Haujaingia

Mama kavua miwani, kavaa hedifoni za mdogo wangu
kama mtu anayejaribu kofia asiyokusudia kuinunua.
"Nitafsirie," kasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu. Asubuhi, hospitalini, natafsiri maini na mafigo,
Kiarabu cha daktari nakitia Kiswahili
cha bikizee wa Kipemba asiyetaka kuambiwa lote.
Lakini huyu ni Mundhir, na chumba ni chetu, Mabela,
magodoro yamesimamishwa ukutani kumeza mwangwi,
kiyoyozi kimezimwa kisije kikarekodiwa naye.
Jasho linatutoka.

Ubeti wa kwanza anasema kalelewa na mtaa, mtaa mkali.
Mtaa wenyewe una duka la juisi
na kinyozi wa Chittagong anayemkopesha.
Hilo nililiruka.

Wa pili: *Mimi mweusi kama mafuta,
usiku mnanichimba, mchana mnanawa mikono.*
Nikampa Mama neno kwa neno.
Akapangusa meza isiyo na vumbi.
"Hapo kasema."

Kisha neno lile aliloitwa darasani,
sasa analivaa kama mkufu, analirudia, linamg'ariza.
"Maana yake?"
Nikasema: jina tu, Mama.
Kiswahili kinalo neno lake.
Kwa bibi tulilitumia, tena mezani,
na aliyekuwa akiandaa meza akilisikia.

Wa tatu ndio ulionikwaza.
Babu, baba wa babu, bin fulani bin fulani,
kisima cha Ibra, mtende na mkono ulioupanda,
majina saba kwa pumzi moja
mpaka sauti ikakwaruza kama ndoo inayogusa mchanga.
Nani kamuuliza?
Nilihesabu "mimi" thelathini na moja.

Unguja, kwa shangazi Thuweba, watoto walimwita Mmanga.
Hapa Mzanzibari, kwa kicheko cha puani.
Hayo hayamo.
Wala Barka haimo.
Mimi nilikuwepo, upande wa wanawake, halwa mbele yetu.
Mama wa msichana akasifu vyote:
kijana mtaratibu, ana kazi bandarini, anasali,
lakini.
Hakuimalizia. Akanijazia kikombe.
Nilikitikisa, ndivyo adabu ya kusema basi;
akanijazia tena.

Dakika nne nzima mdogo wangu anaifunika ile "lakini":
dhahabu juu yake, farasi, nasaba, mimi mimi mimi,
na bado zulia limevimba.
Ningeyasema vipi haya kwa Mama,
aliyebaki garini siku ile kwa kisingizio cha mguu?

"Rudisha mwanzo," akasema.
Nikarudisha.
Kabla mdundo haujaingia, Mundhir yuko mbali na maiki,
anajihesabia kwa kunong'ona, kasahau kukufuta:
moja, mbili,
moja mbili tatu...
"Huyu namjua. Rudisha."
Mara nne. Kila ubeti ukikaribia ananishika mkono nisimamishe.

Mlango ukafunguka. Mundhir, funguo za gari kidoleni,
anauliza kwa Kiarabu, kwa lafudhi ile anayoipiga pasi kila siku,
kapenda wapi.
Nikafungua mdomo kutafsiri.
Mama hakuningoja. Akanyanyua kidole kimoja,
kisha cha pili, akamtazama,
kisha cha tatu.