Terabaiti Mbili

Riali kumi na tisa, Thuweni aliinunua Ruwi.
Ya jirani yake ilikuwa ishirini na saba,
ina mpira pembeni na dhamana ya miaka mitatu.
Nane alizobaki nazo akaziita akili.
"Diski ni diski. Taa ikiwaka, inafanya kazi."

Taa iliwaka miezi kumi na minne.
Kisha Alhamisi moja, Mabela, kiyoyozi kikinguruma,
ikaanza kugonga kutoka ndani: ta. Ta. Ta.
Kama mtu aliyefungiwa stoo
asiyetaka kuwasumbua walio nje.

Nikabadili waya. Wa mdomo mpana,
wa printa ya zamani, wa simu ya marehemu baba,
ule mpya unaoingia vyovyote utakavyougeuza.
Nina droo nzima ya midomo isiyosemezana.
Ta, ikanijibu.

Thuweni akaitia mfuko wa nailoni,
akailaza kwenye friza juu ya vipande vya nguru;
alisikia mahali kwamba baridi huponya.
Asubuhi ilikuwa diski ya baridi.

Biju, fundi wa nyuma ya soko, ghorofa ya kwanza,
akaibandua ganda kwa ncha ya kadi ya benki.
Nilidhani ataivika ganda jingine,
tulipe riali tano, twende zetu.
Akanionyesha: tundu la USB limechomelewa
kwenye bodi yenyewe. Mlango umeshonewa kwenye ngozi.
"Mia na themanini," kwa Kiarabu cha dukani, "na siahidi."

Rahisi huvunja upishi. Mama angesema hivyo, kisha angelipa.
Mimi nilisema tu.

Ndani mlikuwamo saa sita za Bi Zuwena
akiwataja, mmoja mmoja, watu wa picha moja
iliyopigwa Ng'ambo, mwaka mmoja kabla ya ule asioutamka.

Sasa ninazo mbili, za kampuni mbili.
Moja haina kitu kinachozunguka, imenila arubaini na sita,
inakaa Sohar kwa dada, kabatini, chini ya mashuka.
Nikarudi kwa Bi Zuwena na kinasa sauti.
Akavaa miwani, akaanzia kushoto.
Yule wa tatu, mwenye kofia ya viua,
mara ya kwanza alikuwa Masoud, dereva wa gari la shamba.
Safari hii akamwita Fumu, akacheka, akanyamaza.

"Nilikwambia Masoud?"
"Ulisema Masoud."
"Basi iulize hiyo mashine yako."