Macho Juu ya Msuku

Nje ya Lubumbashi, barabara ya Kipushi,
Kaumba anafunga tochi kwa kipande cha kitenge chekundu
na kutuonya: msitafute mnyama.
Tafuteni macho. Mnyama atafuata.

Tupo wanne. Mmoja ana kikohozi,
anakimeza kama deni.
Majani makavu yanatusengenya chini ya viatu.

Kwanza kanu, madoa tu yanayohama.
Kisha, juu ya msuku, makaa mawili
ambayo hayakuwashwa na mtu.
“Komba,” ananong’ona.
Wasemao fulani kalewa kama komba
hawajamkuta usiku wa kazi:
anaruka, na tawi halijui kwamba ameondoka.

Tunapumzika kwenye duara jeusi la ardhi
ambapo nyasi bado zinagoma kuota.
Tanuri langu hili, anasema Kaumba,
magunia arobaini, mwaka ule wa ada ya Mwape.
Mti mmoja ulianguka na kilio ndani yake.
Nilikishika mkononi. Kilikuwa chepesi kuliko kiberiti.
Hasemi zaidi. Nasi hatumwulizi.

Tochi inafifia. Anaizima.
Kule mjini mitambo inapaka mawingu rangi ya shaba;
huku giza lina wenyewe,
na sasa ni sisi tunaoangaliwa.

Kwenye gari tunahesabu faranka, tunacheka kwa sauti,
mwenye kikohozi anakohoa hadi basi.
Kaumba amebaki nyuma, midomo inacheza:
juzi jozi saba,
leo tano.
Anageuka kurudi porini
kama mtu aliyesahau kofia.