Dhamana

Lilizimika Sabaki, hatua chache kabla ya daraja,
bila kishindo, kama mtu aliyekatizwa neno.
Nyuma sufuria zikagongana kabatini,
maana gari langu lina jiko, lina kitanda, lina choo,
na mapazia niliyoyashona kwa mkono.
Kiinua mgongo changu chote kiko pale, juu ya magurudumu manne.
Wanangu walisema: Mama, nunua ploti.
Nikawaambia ploti haiendi popote.
Sasa nalo hili haliendi popote.

Nikapiga simu Mombasa kwa walioniuzia.
Sauti ya msichana, imekunjwa vizuri kama leso ya dukani:
"Usiguse kitu, mama. Asifungue mtu yeyote.
Lakiri ikivunjika, dhamana imekufa."

Likavutwa kwa kamba hadi Barani,
gereji ya Ngumbao wa Tsofa: mabati matatu,
shimo la oili, jogoo anayechechemea.
Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma,
kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo vya wageni.
"Fungulia ufunguo, usiwashe."
Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma,
mpini sikioni, akafumba macho.

Nami nilijua kusikiliza kule.
Miaka thelathini na moja, zamu za usiku,
nimeweka pembe ya mbao juu ya matumbo ya wanawake
nikautafuta, chini ya kelele zote, ule mwendo mdogo wa haraka.
Hakuna mtoto aliyewahi kunisubiri nilete karatasi.

"Pampu nzima," akasema. "Waya ndio umeliwa na chumvi.
Kazi ya nusu saa."
Akaitazama lakiri nyekundu,
kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Tukaitazama wote wawili.

Nikahamia gerejini, yaani sikuhama.
Nyumba imeinamia kushoto; nikikaanga,
mafuta yanakimbilia upande mmoja wa kikaango.
Dama, mkewe Ngumbao, ananiletea mbaazi asubuhi,
namrudishia bakuli na kitunguu ndani, lisirudi tupu.
Wenye pikipiki wananibishia hodi: "Bibi, fundi yupo?"
Na kila siku Mombasa: "Fundi yuko njiani."
Kwa miguu angekwisha fika, akalala, akarudi.

Dhamana: neno hili hutoa watu jela.
Langu limenitia ndani.

Siku ya kumi akashuka kijana, Onditi,
shati lenye nembo, kompyuta kwapani, adabu tele.
Akachomeka nyaya zake. Kioo kikamwambia kila kitu ni salama.
Akajikuna shingo.
Akaazima kwa Ngumbao spana namba kumi.
Akaazima tochi.
Kisha, kwa sauti ya chini, akaazima sikio.

Lakiri ilivunjwa na mwenye ruhusa.
Aliyeingia uvunguni ni mwingine.
Dakika ishirini na tano, nilihesabu,
halafu nyumba yangu ikatetemeka, vikombe vikaimba kwenye misumari yao.

Kwenye fomu Onditi aliandika:
Limetengenezwa na fundi aliyeidhinishwa.
Kalamu ilisita kwenye neno la mwisho, ikaendelea.
Ngumbao alikuwa akisugua vidole kwa sabuni ya unga na mchanga.
"Deni langu?"
"Si kampuni inalipa?" akacheka, bila kumtazama kijana.
Nikamwekea noti chini ya jiwe la benchi. Aliona, akanyamaza.
"Na yako wewe, dhamana, ni ya muda gani?"
Akaonyesha mabati, shimo, jogoo.
"Mimi siendi popote."

Nimepita Gongoni sasa, mashamba ya chumvi yanameta pande mbili,
redio nimeizima.
Ile pembe ya mbao, niliyoifungia sandukuni siku ya kustaafu,
nimeihamishia kwenye droo ya vijiko.