Kikosi cha Watu wa Kuja

Jana tulikuwa watu wa kuja:
mitungi yetu ya mwisho kisimani Kwihara,
ushuru wetu sokoni mara mbili.

Leo ndugu wawili wanagombea kiti cha utemi,
na ngoma imefika hadi kwetu Isevya:
"Wamanyema! Bendera yenu hii. Akida wenu huyu, Songoro.
Doti tatu za merikani kwa kila gobori.
Mkirudi, mmekuwa wenyeji."

Songoro akainamisha kichwa.
Ameshapewa kukusanya ushuru wa chumvi.

Karani mimi, nikaandika majina mia na nne.
Mdogo mtu, ng'ambo ya bonde,
naye anaandikisha Wamanyema
kwa ahadi ileile.

Mwanangu Feruzi akauliza:
"Tukimalizana sisi kwa sisi,
mwenyeji atabaki nani?"

Nikachovya kalamu.
Mia na tano.